Homa Inayofichwa: Barua ya Wazi kwa Mabalozi wa Afrika ya Mashariki Mlioko Riyadh

Kwa Waheshimiwa Mabalozi wa Jamhuri ya Kenya, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania na Jamhuri ya Uganda, Riyadh.



Nakuandikieni kutoka Jeddah, nami ni mmoja katika watu wa pwani waliovushwa bahari na riziki; na nimeichagua njia hii ya wazi, badala ya kuileta barua yangu katika bahasha iliyofungwa mpaka mlangoni mwa ofisi zenu, kwa sababu jambo lenyewe ni la umma, linawahusu vijana wetu wa kike na wa kiume waliotapakaa katika nyumba, hospitali, mabweni na maduka ya nchi hii, na linawahusu vilevile jamaa zao waliobaki Mombasa, Tanga, Unguja na Kampala, ambao kila mwisho wa mwezi hungojea khabari zao. Jambo hilo ni maradhi ya kuambukiza, hasa yale yasafirio kwa pumzi. Na dai langu, ambalo nitajitahidi kulithibitisha, ni kwamba hapana dawa, chanjo wala karantini itakayofaa sana maadamu mfanyakazi anayeumwa anaogopa kusema kuwa anaumwa, na kwamba kuiondoa khofu hiyo ni kazi iliyo mikononi mwenu zaidi kuliko mikononi mwa madaktari.

Kwa kuwa maneno haya yatasomwa pia na walio mbali na nchi hii, sina budi kuanza na yaliyotokea katika mji huu. Mwezi wa Juni mwaka 2012 aliingizwa hospitalini hapa Jeddah mtu wa umri wa miaka 60, akiwa na homa, kikohozi na pumzi za taabu, na baada ya siku 11 akafariki, mapafu na mafigo yake yakiwa yameshindwa kazi. Daktari Ali Mohamed Zaki, mtaalamu wa virusi kutoka Misri aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya hospitali hiyo, alipoyachunguza makohozi ya mgonjwa hakuona mafua wala maradhi mengine yoyote aliyoyazoea. Akapeleka sampuli Rotterdam, Uholanzi, kwa Ron Fouchier, na mwezi wa Septemba walimwengu wakatangaziwa kuwa kumepatikana virusi vipya vya jamii ya korona. Ndiyo maradhi yaliyokuja kuitwa MERS. Tangu siku hizo wamehesabiwa duniani wagonjwa wapatao 2,600, wengi mno wao katika Saudia, na zaidi ya 900 wamekufa, yaani zaidi ya theluthi moja ya waliojulikana. Wala hapana dawa mahsusi ya kuyaponya, bali mgonjwa husaidiwa kupumua na kutunzwa mpaka mwili wake ushinde au ushindwe.

Virusi hivyo makao yake ni ngamia. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz, hapa hapa Jeddah, walieleza khabari za mtu mmoja mwenye zizi la ngamia kusini ya mji, aliyeugua baada ya kumtia dawa ya pua ngamia wake aliyekuwa akitokwa na kamasi, akafa. Na virusi vilivyopatikana kwa mtu na vilivyopatikana kwa mnyama vikaonekana kuwa ni vile vile. Wala tusidhani sisi kuwa hayo ni mambo ya Waarabu peke yao, kwani damu ya ngamia wa Somalia iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1983 na 1984, na ya ngamia wa Kenya iliyohifadhiwa tangu 1992, ilipopimwa baadaye ilikutwa na alama za kinga dhidi ya virusi hivyo, maana yake ni kuwa vilikuwa vikizunguka katika malisho yetu miaka mingi kabla ya kupewa jina.

Hata hivyo, Waheshimiwa, si zizini walikofia walio wengi. Baina ya Januari na katikati ya Mei mwaka 2014 walithibitishwa mjini Jeddah wagonjwa 255, wakafa 93. Idara ya dharura ya Hospitali ya Mfalme Fahd ikafungwa kwa muda, na mwezi wa Aprili waziri wa afya akaondolewa katika cheo chake. Wachunguzi walipowatazama wagonjwa wasiokuwa watumishi wa hospitali, ambao khabari zao ziliweza kupatikana, nao walikuwa 112, waliona kwamba 109 katika hao, ndani ya siku 14 kabla ya kuugua, ama walifika hospitalini, ama walikutana na mtu aliyethibitishwa kuwa na maradhi hayo, ama na mtu mwenye ugonjwa mkali wa kifua. Maana yake ni kwamba maradhi yalitoka kwa ngamia kidogo kidogo, yakaingia katika vyumba vya kungojea vilivyojaa watu, na humo ndimo yalimokua: mgonjwa mmoja asiyejulikana amelazwa ubavuni mwa mwingine aliyekuja kwa ugonjwa wa moyo, mwuguzi anatoka kitanda hiki kwenda kile na mikono ile ile, mtu anaingizwa mpira wa kupumulia kooni na matone yake kutapakaa hewani, na mfagiaji, ambaye hakuna aliyemwambia neno, anapangusa meza na vitasa bila ya kujua anapangusa nini. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika Al-Ahsa, mashariki ya nchi, maradhi yalikuwa yamepita hivyo hivyo katika chumba cha wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu, ambao hawana hiari ila kurudi pale pale kila baada ya siku chache.

Riyadh nayo ilionja mwaka 2015. Mji wa Tiba wa Mfalme Abdulaziz, ambao ni hospitali kubwa ya Walinzi wa Taifa, yenye madaktari hodari na vyombo ambavyo hospitali zetu nyingi za Afrika ya Mashariki hazijavipata, ulipatwa na wagonjwa 130 katika muda wa miezi michache ya kiangazi, 43 katika hao wakiwa ni watumishi wake wenyewe, na ikabidi idara yake ya dharura ifungwe. Mwaka huo huo msafiri mmoja tu aliyerejea Korea ya Kusini kutoka nchi za Ghuba aliwasha moto uliounguza watu 186 huko, wakafa 38, na njia yake ilikuwa ile ile ya vyumba vya dharura vilivyosongamana. Nayataja haya ili isisemwe kwamba maradhi haya huwapata wajinga na maskini peke yao. Huingia penye msongamano na kimya, na vitu hivyo viwili hupatikana hata katika majumba ya marumaru.

Yaliyouzima moto huo hayakuwa mambo ya ajabu. Mgonjwa aulizwe mlangoni, kabla ya kuketi na wenzake, kama ana kikohozi na homa, na kama alikuwa karibu na ngamia au na mgonjwa, aliye na dalili atengwe, mhudumu avae barakoa na aoshe mikono baina ya mtu na mtu, vitanda visibanane, na kila aliyekaribiana na mgonjwa afuatiliwe muda wa siku 14, kwa kuwa maradhi huweza kukaa mwilini muda huo kabla ya kudhihiri. Mtaona kwamba katika mambo hayo yote msingi ni swali na jibu: yuko mtu wa kuuliza, na yuko mtu wa kujibu kweli. Akikosekana mmoja wao, vyombo vyote vinabaki mapambo.

Na hapa ndipo ninapowafikia watu wetu. Katika wale 255 wa Jeddah wamo 64 walioandikwa kuwa hawakuwa na dalili yoyote. Baadaye 33 katika hao waliendewa na kuulizwa kwa utaratibu, na 26 wakasema kwamba, la, walikuwa na dalili, angalau moja. Sisemi kwamba walidanganya hapo mwanzo, wala sisemi kwamba walioandika walizembea, kwa kuwa katika joto la mambo yale kila mmoja alikuwa akifanya awezalo. Lakini naiona hesabu hiyo kuwa ni shahidi mwadilifu wa jambo ambalo sote tuishio hapa tunalijua, kwamba baina ya mtu kuumwa na mtu kuandikwa kuwa anaumwa pana bonde pana, na wanaotumbukia bondeni ni watumishi.

Kisha lipo tukio la pili la Riyadh, ambalo halikuua mtu, na ambalo mimi naliona kuwa ndilo lenye ilimu kubwa zaidi kwetu. Mwezi wa Oktoba 2015 MERS iliingia katika bweni la wanawake peke yao. Wakazi 828 walichunguzwa, na 19 wakathibitika kuwa waliambukizwa: 8 kwa kipimo cha virusi vyenyewe, na 11 kwa kipimo cha damu, yaani baada ya maradhi kwisha kupita. Katika baadhi ya majengo walioambukizwa walikuwa chini ya 3 katika kila 100, na katika jengo moja walifikia kiasi cha theluthi ya waliopimwa. Waliokuwa katika hatari kubwa ni wale waliolala chumba kimoja na mgonjwa, au waliomgusa na kumhudumia. Na waliokuwa na kiyoyozi chumbani mwao walionekana kusalimika zaidi. Zingatieni, Waheshimiwa, kwamba wale 11 lau damu yao isingalipimwa wasingalijulikana daima. Walikuwa vijana na wenye afya, wakaugua kidogo au wasihisi kitu, wakaendelea na kazi zao. Na lau mmoja wao angalikuwa na zamu ya kumlisha mzee mwenye kisukari na figo dhaifu, au ya kufagia wodi ya wagonjwa mahututi, yaliyokuwa mafua kwake yangaliweza kuwa mauti kwa mwingine.

Sasa jiulizeni ni kitu gani kimzuiacho binti wa Kwale au wa Mbale, aliyeamka na homa katika nyumba ya watu Riyadh, asimwambie mwenye nyumba. Nimeyasikia majibu mara nyingi nikiketi na wenzetu siku ya Ijumaa, na yote huzunguka pale pale: ataambiwa ni mvivu, atakatwa mshahara, ama atarudishwa katika ofisi ya kuajiri iliyomleta, na kurudishwa ofisini kwa mtu aliyekuja na deni ni jambo zito kuliko homa. Anajua pia kwamba kabla ya kutoka kwao alipimwa kifua na damu, na kwamba aliyeonekana na kifua kikuu au virusi vya ini au Ukimwi alikataliwa safari. Basi amejifunza tangu siku ya kwanza kuwa ugonjwa ni kosa, na kosa hufichwa. Sheria za nchi hii hazikumsahau, nami napenda niseme hivyo kwa insafu: kanuni ya wafanyakazi wa majumbani iliyotolewa mwaka 2013 ilimpa likizo ya ugonjwa yenye mshahara, isiyozidi siku 30 kwa mwaka, kwa cheti cha daktari, na kumnyima mtumishi pasi yake kumekatazwa. Lakini cheti hutolewa na daktari, na daktari yuko hospitalini, na wa kumpeleka hospitalini ni yule yule mwajiri anayemwogopa. Basi haki ipo, ila ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine.

Mambo ya kuficha maradhi yana historia ndefu katika bandari za Bahari ya Sham, na historia hiyo ilifika mpaka kwetu. Mwaka 1865 kipindupindu kiliingia Hijazi wakati wa Hijja, na inakisiwa kwamba walikufa mahujaji 15,000. Mwezi wa Mei meli ya kwanza ya waliorejea ikafika Suez na abiria 1,500, na nahodha wake akatamka mbele ya maofisa kwamba hapana ugonjwa wa kuambukiza chomboni, ilhali maiti walikuwa wamekwisha kutupwa baharini njiani; baada ya siku chache nahodha mwenyewe na mkewe wakashikwa. Mwanzoni mwa Juni maradhi yalikuwa Alexandria, na kutoka hapo yakaenea Ulaya. Kwa upande wa pili, Dokta James Christie, aliyekuwa tabibu Unguja, katika kitabu chake cha mwaka 1876 aliufuata mkondo wa maradhi hayo hayo kutoka Makka kuvuka Bahari ya Sham hadi bara ya Afrika, kupitia Uhabeshi na nchi za wafugaji, mpaka kwa Wamasai, na kutoka kwa Wamasai kwa misafara ya biashara hadi Pangani, na kutoka Pangani kwa majahazi hadi mji wa Unguja mwishoni mwa 1869, ambako yalifagia watu wengi mno, watumwa na maskini wa mtaa wa Ng'ambo wakitangulia. Nahodha yule wa Suez, kwa dhana yangu, aliificha khabari kwa kuogopa karantini, ambayo ingalimzuia na kumtia hasara; na khofu yake ndogo ikawa msiba wa mabara.

Mataifa yalipokutana Istanbul mwaka 1866, na karantini kali zikaja kuwekwa kisiwani Kamaran, Tor na katika visiwa vilivyo mbele ya bandari hii ya Jeddah, mahujaji wa Kihindi, Kijawa na Kiafrika walizuiwa kwa siku nyingi katika joto na uchafu, na wengi wakatafuta kila hila ya kuzikwepa. Hata ilipofika mwaka 1957 Saudia ikakabidhiwa yenyewe uangalizi wa afya ya mahujaji wake, baada ya kujenga hospitali ya karantini hapa Jeddah. Adhabu ilizaa maficho katika siku zile, na inazaa maficho leo. Njia iliyofaa ilikuwa nyingine: baada ya homa ya uti wa mgongo kutokea katika Hijja ya 1987 na ugonjwa huo kuenea katika nchi za Afrika, hata Nairobi ikapatwa na janga lake mwaka 1989, na baada ya aina nyingine ya ugonjwa huo kuzuka katika Hijja za mwaka 2000 na 2001, serikali ya hapa ililazimisha chanjo yenye kinga nne, na hujaji wetu anaipata kwao kabla ya kupanda ndege, bila ya aibu na bila ya khofu. Kinga ikitangulizwa kwa wema, watu huipokea.

Na nchi hii yenyewe imekwisha kuonyesha kuwa inaweza kuiondoa khofu kwa neno moja. Tarehe 30 Machi 2020, Korona ya UVIKO-19 ilipokuwa ndiyo kwanza imeingia, Mfalme Salman aliamuru kwamba kila mgonjwa wa maradhi hayo aliyeko katika ardhi ya Saudia atibiwe bure, raia na mgeni, mwenye ikama, yaani kibali cha kukaa nchini, na asiyekuwa nayo, na kwamba asiyekuwa na karatasi asiulizwe juu ya karatasi hizo. Sijapata kuona amri iliyokuwa na faida ya afya kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa ilimtoa mafichoni mtu ambaye askari elfu wasingalimpata.

Basi haya ndiyo ninayokuombeni. Mnapoketi na wakubwa wa Riyadh kuandika au kupitia upya mikataba ya kazi, muombe kwamba amri ile ya mwaka 2020 iwe kanuni ya kudumu kwa kila maradhi ya kuambukiza, na si kwa Korona peke yake. Na muombe kwamba mfanyakazi apewe njia ya kumfikia daktari bila ya kupitia kwa mwajiri, akiwa na uhakika kuwa siku za ugonjwa hazitakatwa mshaharani wala hazitakuwa sababu ya kurudishwa ofisini. Watumeni watu wenu wakayatazame mabweni ya ofisi za kuajiri, ambamo wasichana hulala wakingojea nyumba mpya au ndege, wahesabu vitanda na watazame madirisha, kwani mmekwisha kuona bweni moja la Riyadh lilivyofanya. Simu ya 937 ya Wizara ya Afya ya Saudia ipo, nayo ni neema. Lakini kila mfanyakazi apewe pamoja nayo nambari ya ubalozi ambayo itapokewa, hata usiku, na mtu ajuaye Kiswahili na ajuaye dalili za maradhi, si karani wa pasi. Na mafunzo yatolewayo Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala kabla ya safari, ambayo leo humfundisha msichana kutumia mashine ya kufulia na kusema maneno machache ya Kiarabu, yamfundishe pia kwamba homa na kikohozi si makosa. Yamfundishe kuosha mikono akitoka kumhudumia mgonjwa, kutofanya kazi ya zizini bila ya kinga, kutokunywa maziwa ya ngamia yasiyochemshwa, na kuijua haki yake ya siku 30.

Najua mtajibiwa kwamba gharama ni nyingi na kwamba mkifanya ukali soko la kazi litahamia kwa mataifa mengine. Nami nasema kuwa hoja hii ipelekwe kwa wenyeji kama maslaha yao kabla ya kuwa huruma yao: mtumishi anayeficha homa analala chini ya dari moja na watoto wao na wazee wao, na hospitali zao mbili kubwa, moja Jeddah na moja Riyadh, zilifunga milango ya dharura kwa sababu ya wagonjwa ambao hawakujulikana kwa wakati. Msimu wa Hijja hauko mbali, na utakapofika miji hii itajaa watu wa kila nchi na watumishi wa kila nchi. Nakuombeni mkutane kabla yake, nyinyi watatu, na muwapelekee wakubwa wa Wizara hiyo ya Afya ya Saudia waraka mmoja wenye sauti moja. Na watu wetu waambiwe kwa Kiswahili, hadharani, yaliyokubaliwa.

Wenu katika heshima,
Mkazi wa Jeddah, mwenyeji wa pwani